Kopo Linalonguruma

Pedali yangu ya gitaa, ile ya kukanyaga ili sauti itoke na mwangwi, niliiunda mwenyewe, hapa hapa Mafiga, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwa hiyo spika ilipoanza kunguruma mazoezini, bendi nzima ilinigeukia mimi.

"Yasmin, toa hilo kopo," alisema Allen, kiongozi wetu. "Tutanunua pedali ya dukani."

"Halitoki!"

Nilichomoa waya wa umeme, nikaitia pedali betri. Ngurumo ikakatika. Kumbe kopo langu halina kosa. Kelele inaingia na umeme.

Nikarudisha waya, nikaufuata hadi kwenye ekstensheni. Kwenye bendi yetu, kila anayefika huchomeka simu yake hapo kabla hata ya kusalimia. Nikaanza kuchomoa chaja moja moja, spika inanguruma tu. Nilipochomoa ya mwisho, kimya.

Nikaiinua juu. "Hii ya nani?"

Allen akanyoosha mkono bila kunitazama.

Nikapiga uzi mmoja. Ukalia safi, mwangwi ukajaa chumba kizima.

"Dada Yasmin," akasema Allen taratibu, "na mimi utaniundia?"

"Pedali nitakuundia, kaka. Chaja kanunue dukani."