Bonge Lililojaa Watu

Nyumba yangu yaning'inia, imevaa kijani, wenyewe wako uchi. Kitendawili hicho Bibi Eudosia alikijibu kwa kidole. Alikuwa kanisani, kijijini kwao kwenye milima ya Andes, akitandaza kuvumwani, ile mimea laini inayovika magogo msituni, ndani ya pango la Noeli. Kidole kikazama kwenye bonge moja. Ndani mlikuwa na joto.

Makinda wawili, midomo wazi.

"Nubia!" alimwita mke wa mwanawe. "Hili umelichuma wapi?"

"Kijitoni, mama, sasa hivi tu. Lilikuwa linaning'inia, nikasema hili limejaa vizuri."

"Limejaa, ndiyo. Limejaa watu!"

Jirani yao Rosalba, aliyekuwa akifuta mabenchi, akacheka. "Hao wamekwisha. Ndege akinusa mkono wa mtu harudi. Na padre anakuja saa kumi kubariki pango, Eudosia."

"Huyu anakula wadudu, mwenzangu, si mbwa wa polisi. Hanusi. Anakumbuka mahali."

Wakapanda mlima, bonge likiwa kifuani chini ya shali. Kijitoni Nubia akaduwaa. Kila tawi alikuwa amelivua nguo kwa mikono yake.

"Silijui ni lipi, mama. Nimewaua."

"Hujaua mtu. Keti. Mwenye nyumba atatuonyesha."

Wakaketi kwenye ukungu, wakingoja. Punde akaja ndege mdogo kama kidole gumba, kichwa rangi ya kutu, mdomoni kiwavi. Akalifuata tawi moja lililoinamia maji, akapigapiga mbawa hewani mbele ya patupu. Akatua kando. Akarudi tena palepale. Yule kiwavi bado alikuwa mdomoni.

"Umeona? Chakula anacho, nyumba haioni."

Eudosia akafungua utepe wa nywele zake, akaingia majini hadi magotini, akalifunga bonge hapohapo, tundu likitazama chini. Wakarudi nyuma.

Ndege akazunguka mara mbili, akaingia. Alipotoka, mdomo ulikuwa mtupu.

"Haya, futa machozi," Eudosia akasema. "Padre anatungoja."

Padre alimkuta Mtoto Yesu amelala juu ya maganda ya kahawa yaliyoziba pengo la lile bonge.

"Betlehemu ya mwaka huu ina upara," Rosalba akanong'ona.

"Ina upara, ndiyo," akajibu Eudosia, sketi ikichuruzika maji, nywele zimemwagika mgongoni. "Lakini hatukumfukuza mtu nyumbani kwake."