Panya wa Gari la Wagonjwa

Asubuhi hiyo bajaji ya Eliakimu iligoma kuwaka. Castory aliinama chini ya kiti, akavuta waya, akakuta imebaki shaba tupu. Plastiki yote ilikuwa imemenywa kwa ustadi, kama mtu anavyomenya muwa.

"Fundi, jana jioni nimeiacha hapa ikiwa nzima," Eliakimu alisema. "Wewe unatengeneza au unafuga?"

Castory aliurudisha waya chini ya kiti. Alikuwa fundi umeme wa magari, miaka kumi na minne pale Rusimbi, gereji mbele, nyumba nyuma, na panya walikuwa wamezitwaa zote mbili. Walimaliza mbegu za maharage za mkewe, Winfrida. Castory alipotega gundi, walijifunza kuiruka. Alipoweka sumu, walikufa kuku wawili wa jirani. Paka waliyemwazima alikula migebuka, samaki wa ziwani waliokuwa mboga ya siku mbili, kisha akarudi kwao bila kuaga.

Na walikotoka kulijulikana. Pembeni mwa ukuta lilikaa gari la wagonjwa la kituo cha afya, Landkruza jeupe, ambalo Castory alikuwa amemaliza kulitengeneza miaka miwili iliyopita. Liliwaka vizuri kabisa. Kisha akaja Elieza, ofisa usafirishaji wa kituo, akabandika karatasi yenye muhuri kwenye mlango wa nyuma, akaondoka na funguo. Lisiguswe mpaka mkaguzi afike, alisema. Mkaguzi hajafika hadi leo. Gundi ya Elieza, ukweli usemwe, ilikuwa na nguvu kuliko ile ya panya.

Saa nne Anatoli, bwana afya wa kata, aliingiza pikipiki uani. Alitazama kinyesi cha panya juu ya meza ya kazi, akatikisa kichwa.

"Castory, nilikupa wiki mbili. Saa nane narudi. Nikikuta bado, nafunga. Gereji pamoja na nyumba."

"Mzee, wamo mle garini. Niruhusu nilifungue."

"Gari si langu. Muulize mwenye nalo."

Castory akampigia Elieza.

"Bosi, panya wamejaa kwenye gari lenu. Bwana afya anataka kunifungia."

"Si uwafukuze?"

"Nitawafukuzaje bila kufungua?"

"Ukigusa ile karatasi ni kesi, fundi. Wafukuzie kwa nje." Simu ikakatwa.

Winfrida alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, akisikiliza. Maneno hayo aliyajua. Mwaka jana uchungu ulipomshika, mchana kweupe, Castory alipiga simu hiyohiyo, akajibiwa hivyohivyo, akatii. Wakaenda kwa bajaji. Walikwama nyuma ya malori ya bandarini, mtoto akatokea hapohapo, wa kike, na hakulia. Gari la wagonjwa lilikuwa hatua kumi tu kutoka kitandani kwao.

"Utamtii tena?" Winfrida aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo lilimuumiza zaidi Castory.

Castory alichukua bisibisi, akaanza kuikwangua karatasi. Muhuri ukachanika katikati. Kitasa nacho akakifungua kwa bisibisi hiyohiyo.

Mlango ulipofunguka, wote wawili walibaki vinywa wazi. Godoro la machela lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Panya walikuwa wameingia kwa chini, wakachimba vyumba ndani ya sponji, vyumba kwa vyumba, na vinjia laini vya kutoka kimoja kwenda kingine. Kila chumba kilikuwa kimetandikwa pamba ya hospitali na nyuzi za blanketi za vichanga. Humo walilala watoto wekundu, hawajafungua macho, saba hapa, tisa pale. Panya mama mmoja alimshika mwanawe shingoni kwa meno, polepole, akampandisha mpaka kabati la dawa, akarudi kuchukua mwingine. Hakuwajali wale wawili hata kidogo.

"Imana weee, Mungu wangu," Winfrida alinong'ona. "Wamezalia humu. Wote hawa wamezalia humu."

Castory alivua kofia. Mwenyewe hakujua kwa nini ameivua.

"Tukisema tuwaue, tutamaliza lini?" alisema hatimaye. "Dawa ya panya wa gari ni moja tu, litembee. Gari linalotembea kila siku, panya hazai ndani yake. Fundi yeyote analijua hilo."

Aliunganisha nyaya zilizoliwa, moja baada ya nyingine. Akafunga betri ya gereji, akajaza matairi upepo, akamimina dizeli lita tano. Karibu na saa nane aligusanisha nyaya mbili chini ya usukani. Gari likakohoa, likatema moshi mweusi, likanguruma. Miaka miwili limelala, na limewaka! Castory alipiga usukani kwa kiganja, akicheka peke yake. Winfrida akapanda mbele, akafunga mlango.

Walipotokeza tu barabarani kuelekea kituo cha afya, king'ora kikaanza kulia.

"Kizime!"

"Hakizimiki! Kuna nyaya sikuziona!"

Ndipo barabara ilipofunguka. Bodaboda wakakaa pembeni. Lori la saruji likapanda ukingo, likasimama. Wauza nyanya walivuta ndoo zao nyuma. Mzee mmoja alinyanyuka dukani, akainua mikono kuomba dua, na mama aliyekuwa upande wa pili akajifanyia ishara ya msalaba. Hata Anatoli, aliyekuwa anaelekea Rusimbi kuwafungia, aliegesha pikipiki yake kwenye majani na kuwapisha. Njia ilikuwa nyeupe mpaka chini, ziwa lote likaonekana. Castory aliwatazama kushoto na kulia. Watu wote wale, kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Winfrida alikuwa analia.

"Kumbe wanapisha," alisema. "Castory, kumbe wangetupisha."

Kituoni, mlinzi alilifungua geti lote. Wauguzi wawili walitoka mbio na machela, na nyuma yao Elieza, simu mkononi.

"Mgonjwa yuko wapi?" muuguzi aliuliza.

Winfrida alishuka, akazunguka nyuma, akafungua mlango. Panya wakaanza kuruka, watano, kumi, wakikimbilia maua ya ofisi. Muuguzi alipiga ukelele. Kisha akayaona yale mablanketi yaliyotafunwa, akaokota moja.

"Nani amebandua karatasi yangu?" Elieza aliuliza.

Muda huo huenda Anatoli alikuwa anapiga kufuli kule Rusimbi, huenda hapana. Castory alifuta mikono kwenye suruali, akasogea mpaka mbele ya Elieza.

"Mimi. Andika kesi," alisema. "Ila andika na tarehe uliyoibandika, na ile aliyozaliwa mwanangu nyuma ya malori."