Mzee Yiamat Asimamisha Mchezo

Aikande hakupenda watazamaji wake wapate shida. Ndiyo maana, siku tatu kabla ya uzinduzi mjini, aliupeleka mchezo wake wa kuigiza Olmotonyi ukaonyeshwe kwa majaribio, bure, saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa kijiji.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema mbele ya watu. "Leo tunajaribu tu. Mkiona jambo halieleweki, msione aibu. Tusimamisheni."

Mzee Yiamat, mfugaji aliyekaa mstari wa mbele na fimbo yake, aliyasikia vizuri maneno hayo.

Mchezo ulihusu mume anayetaka kumtoroka mkewe. Dakika ya kumi na tano, Hans, aliyeigiza mume, alibaki peke yake jukwaani na begi mkononi.

"Niende au nibaki?" aliugulia. "Nani atanishauri?"

"Simama hapo!" alisema Mzee Yiamat. "Anaongea na nani?"

"Na moyo wake, baba," Aikande alijibu kutoka pembeni.

"Huo moyo unamjibu?"

"Hapana."

"Basi tumsaidie."

Akapanda jukwaani na wazee wenzake wawili, wakaketi kwenye kochi la mchezo. "Haya kijana, mkeo amekukosea nini?"

Hans alimtazama Aikande. Aikande alikuwa amefunika uso. Basi Hans akajieleza: mke humsema mbele ya wageni.

"Aitwe!"

Agnela, aliyeigiza mke, alitolewa nyuma ya pazia ndizi ikiwa bado mdomoni. Akameza, akasema mume hamsikilizi. Wazee wakanong'onezana Kimaasai, kisha wakaamua: Hans aombe radhi, Agnela apunguze ukali, begi lirudi chumbani. Hans akaomba radhi. Agnela akatokwa na machozi ambayo mwezi mzima wa mazoezi yalikuwa yamegoma. Vigelegele vikapigwa, watu wakaanza kutoka kwenda kukamua ng'ombe.

"Jamani, bado!" Aikande alilia. "Imebaki saa nzima na nusu!"

"Ya nini?" Mzee Yiamat alishangaa. "Si wamepatana?"

Aikande aliwabembeleza mpaka wakakaa tena. Mchezo ukaendelea kama ulivyoandikwa: Hans akachukua begi.

"We mwanamume!" mama mmoja alifoka. "Si umetuahidi sasa hivi?"

Kandambili ikaruka. Ikafuata ya pili. Hans akatoroka kweli, mlango wa nyuma, begi na yote.

Aikande alimkuta kwenye kibanda cha chai cha jirani, begi miguuni.

"Mle sirudi, dada."

"Hurudi," alisema Aikande, akatoa kalamu. Pale pale alifuta maneno yote ya mume kujisemea peke yake, akamwandikia kaka wa kuzungumza naye.

Kisha akarudi kuwaaga wazee.

"Mwambie yule kijana Jumapili aje na mkewe," alisema Mzee Yiamat. "Tumeshachagua kondoo wa kuwapatanisha."

Nani angekataa? Hans na Agnela walikwenda. Ila Jumamosi jioni, nyumbani kwake Kwa Mrombo, Agnela alikuwa na kazi kubwa ya kumweleza mume wake wa kweli.