Mama Soli Aagiza Tovuti

Jengo lilipouzwa, wapangaji wote waliambiwa wahame, na Mama Soli, fundi viatu aliyekuwa na kibanda pale chini tangu ujana wake, akapata chumba nyuma ya ghala la mbao. Chumba chenyewe hakikuwa kibaya. Kilikuwa na dirisha pana, sakafu kavu, na nafasi ya kutosha meza yake na cherehani ya kushonea ngozi. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: hakuna mtu aliyepita huko, labda awe amepotea njia.

Na wateja wake si wale wa kuokota barabarani. Mama Soli aliwashonea watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, au wayo umepinda, au vidole vimekatwa. Alijenga soli tabaka juu ya tabaka, akaipunguza kwa msasa, mpaka aliyeingia akichechemea akatoka amenyooka. Jina lake alilipatia huko. Wateja walielekezana kwa mdomo: ukishuka kituoni, jengo la bluu, mlango wa pili. Sasa jengo la bluu lilikuwa linavunjwa.

Wifi yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemwambia atafute tovuti. Mama Soli akaguna. Tovuti aliwahi kuwa nayo. Mpwa wa rafiki yake alimtengenezea, akaisajili kwa jina lake mwenyewe, kisha akahama nchi na namba akabadilisha. Ilipozimika hakukuwa na wa kumuuliza, na hata jina la biashara yake huko mtandaoni likawa si lake tena. Tangu hapo, akisikia mtu anataja tovuti, alijisikia kama amekanyaga msumari.

Hata hivyo alikwenda. Mtengeneza tovuti aliyeelekezwa kwake alikuwa binti mwembamba mwenye ofisi juu ya duka la nyaya za umeme, chumba cha kompyuta mbili na feni yenye kelele. Alimkaribisha kiti. Mama Soli akabaki amesimama, mkoba kifuani.

"Mwanangu, kabla hatujafika mbali," alisema, "hilo jina la tovuti litasajiliwa kwa jina la nani?"

"Lako, mama."

"Na neno la siri?"

"Utakaa nalo wewe. Mimi utanipa ruhusa ya kuingia nifanye kazi. Siku tukikosana unanifungia mlango, na tovuti inabaki yako."

Mama Soli akavuta kiti, akaketi.

Siku hiyo aliuliza kila kilichomkaa moyoni. Alitaka kujua kama itafunguka kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, maana wateja wake wengi kompyuta wanaziona tu benki. Binti akasema ataitengeneza kwa kufikiria simu kwanza. Je, akibadilisha namba itabidi amtafute mtu kila mara? Akaambiwa atafundishwa kubadilisha mwenyewe. Itachukua muda gani? Hapo binti alicheka, akasema kompyuta haichelewi sana, anayechelewa ni mwenye biashara kuleta picha na maneno. Maneno nayo ataandika mwenyewe, binti atayanyoosha tu. Na watu watamwonaje, wakati tovuti ziko nyingi kama mchanga? Binti hakumficha: hakuna awezaye kumwahidi kwamba atatokea wa kwanza mtu akitafuta mtandaoni, na akipatikana wa kumwahidi hivyo, amkimbie.

Kisha ikawa zamu ya binti, naye aliuliza swali moja.

"Mtu akishafungua tovuti yako, unataka afanye nini?"

Mama Soli alitaka kusema anunue. Lakini nani ananunua kiatu kabla mguu haujapimwa? Aliaga, na swali likamfuata mpaka nyumbani.

Rasimu ya kwanza ilimchefua. Binti, wakati akisubiri picha, alikuwa ameweka za kuazima: wasichana wanaocheka, viatu vya visigino virefu vinavyong'aa. Mama Soli akamwambia hao si watu wake, na mteja wake akiwaona atajua amegonga mlango usio wake. Binti hakubisha wala hakununa. Alimwomba amletee picha za watu wake, basi.

Kumbe ugumu ulikuwa hapo. Watu wake hawakutaka kupigwa picha. Hata muuza magazeti, mteja wa miaka mingi, alikataa, ila akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Kabla hajamzoea, alizunguka nje ya kibanda wiki nzima bila kuingia, kwa sababu aliona haya kuvua kiatu mbele ya mgeni. Angekuwa na namna ya kujipima kwake, akasema, angekuja mapema zaidi.

Mama Soli alimsikiliza mpaka gundi ikakauka kwenye brashi. Jibu la swali la binti lilikuwa hilo: mtu akifungua, ajipime.

Na kama watu wake hawakutaka kuonekana, alikuwapo mmoja ambaye angeweza kumlazimisha. Mguu wa kushoto wa Mama Soli mwenyewe ni mfupi. Sketi ndefu na kiatu alichojishonea vilikuwa vimeficha jambo hilo kiasi kwamba wateja wengi hawakulijua. Jumapili moja akavua vyote viwili, viatu na aibu, akasimama ukutani na sketi ameipandisha magotini. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, akapewa simu arekodi.

"Mzee, unarekodi ukuta, mguu uko huku."

"Ukuta nao si sehemu ya biashara?"

Waliporudia, aliweka daftari chini ya mguu mfupi, moja baada ya jingine, mpaka kiuno kikalingana pande zote. Akaonyesha jinsi ya kupima kimo cha madaftari hayo kwa rula, kuchora wayo kwenye karatasi, na kuzungusha uzi juu ya mgongo wa mguu. Maneno aliyoandika yalikuwa machache: "Mimi ni fundi, na mguu wangu wa kushoto ni mfupi. Huna haja ya kunieleza aibu, naijua. Nieleze vipimo." Binti aliyasoma, akayasoma tena, na hakugusa hata nukta.

Tovuti ikafunguliwa. Kukawa kimya. Mumewe akawa anaichungulia kila asubuhi kama mtu anayeangalia kuku kama ametaga. Mama Soli alijifanya hajali, lakini simu ilihamia kutoka mkobani hadi mfukoni mwa aproni.

Ujumbe wa kwanza ulitoka mji wa mbali. Aliyeandika alikuwa kiongozi wa kwaya ambaye, tangu ajali iliyomfupisha mguu, aliongoza akiwa amekaa. Vipimo vilikuwa sahihi, mchoro wa wayo safi. Mama Soli alishona, akapakia kwenye basi, akangoja. Alichopata ni jibu fupi kwamba viatu vimekaa vizuri, basi. Moyo ukamshuka kidogo, lakini kazi nyingine zilikuwa zimeanza kuingia: mhudumu wa hoteli, mama mwenye binti wa shule, mstaafu aliyetaka viatu vya harusi ya mwanawe. Akalazimika kuajiri fundi wa pili.

Mchana mmoja basi dogo lilisimama mbele ya ghala. Wapagazi wa ghala walidhani limepotea. Wakashuka watu waliovaa sare za kijani, wakafuata ramani ya kwenye simu hadi mlangoni kwa Mama Soli, na mbele yao mwanamume mrefu aliyetembea wima. Hakueleza mengi. Alisema kwaya yake ilikuwa ikienda kwenye mashindano, na yeye ameomba wapitie hapa kwanza.

Waliimba pale pale, katikati ya mbao. Wapagazi walitua mizigo. Wifi, aliyekuwa amepita kusalimia, alilia waziwazi. Kiongozi alisimama mwanzo hadi mwisho, mikono juu, hakuegemea kitu. Mama Soli alikuwa ameinamisha macho chini, akitazama viatu tu.

"Kisigino cha kulia kinataka kupunguzwa kidogo," alimnong'oneza mumewe, huku machozi yakimtiririka na tabasamu likigoma kukaa ndani. "Kidogo tu."