Bibi Yupi

…na kikombe bado kiko mkononi mwa nesi, kile kidogo cha plastiki, kidonge cha sukari yangu kimelala ndani, nami mkono wangu umegoma juu ya shuka, hautaki kwenda, maana jana kidonge changu kama hiki alikimeza jirani yangu wa kitanda cha pili, na yeye sukari hana hata chembe, amelazwa kwa mguu tu, akatoka jasho, akatetemeka kama kifaranga kilicholowa, wakamkimbilia na dripu, leo yuko pale anakunywa uji na kunichokoza, eti bibi wee kidonge chako kina safari, kimenifikisha kwa marehemu mume wangu nimemkuta amenuna vilevile nikarudi zangu… mwanamke wa masihara huyu, kifo kimempigia hodi naye anakitania… na pale mlangoni daktari na mfamasia wanabishana kwa sauti ya chini, mfamasia anataka liandikwe kosa la kumpa dawa asiye mwenyewe, limemfikia mgonjwa na kumdhuru, daktari anasema madhara ya muda tu, hilo daraja lake lingine, kumbe makosa nayo yana madarasa kama shule, lipo linaloishia kwenye karatasi, lipo linalonaswa mkononi, lipo linaloshuka kooni, mama yangu angewacheka, yeye alikuwa nayo mawili, la kuteleza na la kusudi, la kuteleza unapewa pole, la kusudi unapewa fimbo… na huyu binti je, macho yamemvimba, wamemwambia likitokea tena kazi hana, naye rika la mjukuu wangu kitinda mimba… ameteleza, lakini wapi, hebu nikumbuke, aliingia sote wawili tumesinzia, akasema kwa adabu zake, bibi dawa yako, jirani akaitika abee na mkono ameshanyoosha, sasa asiitike kwa nini, wodi nzima hii ni mabibi, na mtoto aliyelelewa akalelewa atamtajaje mtu mzima jina mbele ya watu, mimi mwenyewe ningesema huyu kwao hawakumfunza… basi ni hapo, alitelezea kwenye heshima, tuliyomfundisha sisi, na wale mlangoni sijui wataliweka darasa gani… jina langu, aliyelitaja mwisho ni mume wangu, alikuwa anatafuta miwani, tangu azikwe mimi ni mama wa fulani, bibi wa fulani, likitoka kinywani mwa mtoto litanikera kama mchanga kwenye wali, basi linikere, mchanga hauui…

"Bibi, meza basi," anasema, sauti imebakiza kidogo ilie.

"Nitaje jina kwanza, mwanangu. Nitaje kama unamwita shoga yako, na jirani yangu umfanyie hivyohivyo."

Anainama, anaona haya, midomo inafunguka na kufumba, kikombe kiko palepale, daktari na mfamasia hawajapatana, nami nimetega sikio kama msichana anayesubiri kuitwa…