Ngoma Iliyopindua Kurasa

Nchi ya Mwendosawa ilikaa juu ya uwanda mpana uliozungukwa na vilima vya udongo mwekundu, na juu ya kilima kirefu kuliko vyote, ndani ya kibanda cha vioo, palikuwa na ngoma kubwa ya ngozi ya nyati, na ngoma hiyo ndiyo iliyowafundisha watoto kusoma. Msicheke. Kila nchi ina wazimu wake, na huo ulikuwa wao. Kila asubuhi mtawala wa nchi, Mtukufu Mdundo wa Tatu, alipanda kilimani na joho lake la manjano, akakunja mkono wa joho, akashika mkwiro na kupiga: du! Na katika shule zote mia nne za Mwendosawa, kutoka mpaka hadi mpaka, watoto walipindua ukurasa wa Kitabu kwa wakati mmoja wakaanza kusoma. Du! Wakapindua tena. Aliyesimama barabarani aliweza kusikia karatasi za nchi nzima zikivuma kwa pamoja, na wageni walioletwa kushuhudia jambo hilo walitikisa vichwa kwa mshangao, wakavishwa mashada ya maua, wakarudi makwao.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, kurasa mia tatu, kimejaa hadithi. Zamani kilisomwa mwaka mzima. Baba yake Mtukufu akakishusha hadi miezi tisa, akajengewa sanamu. Mtukufu mwenyewe akakishusha hadi mitano, na Waziri wake wa Mwendo, Bwana Pukute, mtu mwembamba aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, alikwisha kuahidi hadharani kwamba mwakani itakuwa mitatu. Kipindi cha kusoma kilipokwisha, vitabu vilifungiwa kabatini mpaka ngoma ya kesho, maana kusoma pasipo ngoma kulikuwa kosa. Kama kuna mtu aliyewahi kuuliza watoto wameelewa nini, basi aliuliza kwa sauti ndogo sana.

Na wasioweza je? Ah, Mwendosawa haikuwa nchi katili hata kidogo! Hapakuwa na mtoto aliyefukuzwa shule. Mtoto aliyekutwa mara mbili yuko nyuma ya ngoma "alipumzishwa". Wazazi walipelekewa barua iliyochorwa ua kwenye kona, na mtoto akapelekwa bondeni, kwenye Nyumba ya Mapumziko, ambako alipumzika kwa kuchambua choroko kutoka asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa mtu mzima.

Mwalimu Sikudhani alifundisha watoto arobaini katika shule ya Kitopeni. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kusimamisha punda, na udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kumwona mtoto akihangaika akajifanya hajaona. Aliyemkosesha raha mwaka huo alikuwa Kidawa, binti wa miaka kumi, mchangamfu, ambaye angeweza kukusimulia ugomvi wa sokoni wa mwezi uliopita neno kwa neno, na sauti za wagomvi wote akaziigiza, lakini ukimwekea ukurasa mbele yake alitoka jasho.

"Mwalimu, hazitulii," alimwambia siku moja.

"Nini hazitulii?"

"Herufi. Zinabadilishana viti. Na hizi zenye tumbo ndizo zenye utundu hasa."

Mwalimu mwingine angecheka, au angetafuta fimbo. Sikudhani alikwenda jikoni kwake akachukua ungo, akamwaga humo pumba za mpunga, na kila baada ya masomo akamketisha Kidawa aandike herufi kwenye pumba kwa kidole, moja moja, huku akiitamka, mpaka kidole kikaijua njia hata pale jicho linapopotea. Kisha akakata kipande cha kasha la sabuni, akakitoboa kidirisha cha kuonyesha mstari mmoja tu, ili mistari mingine ikae kimya isubiri zamu yake. Na jamani, msichana akasoma! Alisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini alisoma.

Tatizo likabaki ngoma. Kidawa akifika mstari wa tatu, du! Ukurasa umekwenda. Kwa hiyo akajua mianzo ya hadithi chungu nzima, na mwisho wa hata moja hakuujua. Iliyomkera kuliko zote ilikuwa kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili, ya bwana mmoja aliyeondoka kwao na washenga kwenda kuposa, akafika mlangoni akagundua kuwa amelisahau jina la mchumba. Baba wa binti akamuuliza, "Haya, umekuja kumposa nani?" Du!

"Alijibu nini, Mwalimu?" Kidawa aliuliza.

Sikudhani alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, ameupindua ukurasa ule kila mwaka, na leo ndipo anatambua kwamba hajawahi kufika chini yake. Aliona haya mbele ya yule mtoto, akajifanya anatafuta chaki.

Kidawa alikwisha kuandikwa mara moja kwamba yuko nyuma. Ya pili ingemtoa, na Mwalimu alijua vizuri kwamba waliopumzishwa hawarudi. Na ukaguzi ukaja, Jumatano, naye Waziri Pukute akaja mwenyewe, akasimama katikati ya darasa akitazama saa ya kulia kisha ya kushoto. Kwa bahati mbaya siku hiyo ilianzia ukurasa huohuo wa mia na kumi na mbili. Ngoma ilipolia mara ya pili, watoto thelathini na tisa walipindua. Mkono wa Kidawa ukabaki palepale.

"Wewe, mbona hupindui?"

"Bado, mheshimiwa. Yuko mlangoni. Hajajibu."

Darasa zima likacheka. Pukute akatoa kalamu. "Apumzike," alisema.

Sikudhani alijipenyeza kati ya madawati. "Mheshimiwa, mtoto huyu anasoma. Nipe mwezi mmoja tu, nakuomba sana."

"Sisi tuko mia na kumi na tatu, Mwalimu. Yeye yuko wapi?"

"Basi nihamishe na mimi huko nikamfundishe."

"Nyumba ya Mapumziko haina nafasi ya mwalimu. Kuna nafasi ya mlinzi."

"Niandike mlinzi."

Pukute alizitazama saa zake zote mbili, akaona kubishana kutamchelewesha, akaandika.

Ndivyo Mwalimu Sikudhani alivyoteremka bondeni akiwa na koti kubwa la ulinzi, firimbi na rungu. Firimbi aliwapa watoto waichezee. Rungu alilitumia kuonyeshea maneno ukutani. Wakuu walikuwa wamesahau mambo mawili kuhusu mahali pale: kwanza, bonde lilikuwa la kina kiasi kwamba ngoma haikusikika, pili, vitabu vilivyochakaa vya nchi nzima viliteremshwa huko ili karatasi zake zifungiwe choroko. Vitabu vilijaa mpaka darini! Na watoto walikuwa ishirini na sita. Mmoja ilibainika hasikii vizuri, na shida yake yote ilikuwa kuketishwa nyuma. Mwingine hakuweza kutulia kitini, basi akaruhusiwa kusoma huku anatembea, naye alisoma maili nyingi sana. Kila mmoja Sikudhani alimtafutia mlango wake wa kuingilia, na alipokosea alisema "samahani, tujaribu kwingine," maneno ambayo watoto wale hawakuwahi kuambiwa na mtu mzima.

Siku ya tisa Kidawa alifika chini ya ukurasa wa mia na kumi na mbili, akapindua mwenyewe, akafika mwisho wa hadithi. Alicheka mpaka akalia, na mlinzi naye akalia ndani ya koti lake.

Sasa basi. Asubuhi moja ngoma ya kilimani ilichelewa. Nchi nzima ikangoja, kidole kwenye kona ya ukurasa. Ikalia mara moja tu, kwa unyonge, na ya pili ikaja adhuhuri. Mtukufu Mdundo alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka yasiyo yenyewe: akitaka maji anaomba kiatu. Kwa siku tatu watoto wa Mwendosawa walikaa ukurasa mmoja nusu siku nzima, na kwa kukosa la kufanya wakaanza kuuliza maswali. Walimu walitoka jasho. Mawaziri wakaitana mbio.

Waziri Pukute akafungua sheria, sheria ambayo Mtukufu aliitia sahihi kwa mkono wake, akasoma: yeyote atakayekuwa nyuma ya ngoma mara mbili apumzishwe. Yeyote. Kesho yake gari la ikulu liliteremka bondeni, na mtawala wa nchi akashushwa na joho lake la manjano, akawekwa kwenye kibenchi mbele ya ungo wa choroko.

"Atapimwa tena baada ya siku arobaini, kama sheria inavyosema," Pukute alimwambia mlinzi. "Mpaka hapo ngoma nitaipiga mimi."

Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. "Kupimwa tena? Ni haki ya nani hiyo?"

"Ya yeyote aliyepumzishwa."

"Nina watoto walio hapa kwa miaka sita! Mbona hawakuambiwa?"

"Hakuna aliyeuliza."

Loo! Sikudhani alihisi damu inampanda kichwani. Lakini alijizuia, akasema polepole, "Basi mimi nauliza. Siku hiyohiyo utampima na Kidawa. Akipita, arudi shule." Pukute akaandika kwa haraka, maana gari lilikuwa linanguruma likimngoja.

Siku za mwanzo Mtukufu alinuna. Choroko zilimponyoka vidoleni, na alipojaribu kukemea alisema "bakuli! bakuli!" Watoto wakakimbilia nje kucheka. Kidawa hakucheka. Alisogeza kibenchi chake, akamtazama mzee yule kwa huruma.

"Babu, maneno yako yanabadilishana viti, eti? Yangu pia yalikuwa hivyo. Lete kidole."

Akamshika kidole cha mkono wa kushoto, akakipitisha kwenye pumba: m, a. Mtukufu akaunyakua mkono wake kwa hasira. Kesho yake akaurudisha mwenyewe. Wiki ya pili aliomba maji akapata maji, akakishika kikombe kizima bila kunywa, machozi yanamtiririka ndevuni, na Sikudhani, aliyekuwa ameapa kumchukia mtu yule maisha yake yote, akajikuta anampangusa kwa upindo wa kanga.

"Usikimbie, Babu," Kidawa alikuwa akimwambia kila walipokwama. "Hapa hapinduliwi mtu."

Siku ya arobaini Pukute aliteremka na ngoma ndogo ya safari, askari sita na karani. Masharti aliyasoma mara moja: watahiniwa wawili, ukurasa wa mia na kumi na mbili, mapigo ya kawaida. Asiyepindua kwa pigo atabaki bondeni, na mtawala akishindwa, ngoma ya kilimani itabaki kwa Waziri. Sikudhani alisimama ukutani. Akishindwa leo, Kidawa atazeekea hapa.

Mtukufu akaanza, kidirisha cha kasha la sabuni mkononi. "Bwana... mmoja... aliondoka... kwao..." Du! Mtukufu hakupindua. Aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya ukurasa, kizito, akaendelea. Du! Pukute alipiga kwa nguvu zaidi. Sauti ya mzee ikaanza kutetemeka, maneno yakaanza kumkimbia, ndipo Kidawa, bila kuitwa, akaingia naye mstarini, wakasoma pamoja, taratibu, mpaka mlangoni kwa wakwe.

"'Haya,'" Kidawa alisoma kwa sauti nzito ya baba wa binti, "'umekuja kumposa nani?'"

Watoto wa bondeni, ambao mwisho waliujua, wakaanza kuchekelea chinichini. Askari mmoja akanyoosha shingo. Karani akaacha kuandika. Hawa nao walikuwa wamesoma Mwendosawa, na kila mmoja wao aliachwa pale mlangoni tangu utotoni. Pukute aliinua mkwiro ili apige, na mkwiro ukakaa hewani.

Kidawa akamtazama. "Mheshimiwa, nipindue?"

Waziri wa Mwendo aliushusha mkwiro.

"Alijibu nini?" aliuliza.

Kidawa hakupindua, akashuka mistari ya chini ambayo ngoma haikumfikisha mtu. "'Nimekuja,'" alisoma, kidole kinasonga neno kwa neno, "'kumposa yule ambaye hata nikilisahau jina lake, atanicheka na hatanifukuza.' Na nyuma ya pazia kikasikika kicheko."

Askari wakapasuka kwa kucheka, wakapigana mabegani. Pukute hakucheka, lakini alikaa chini, kwenye choroko, akaomba asomewe tena hapo kwenye pazia. Karani akamuuliza aandike nini, amepita au apumzike. Hakujibiwa. Kwa kuwa hakujibiwa, Sikudhani alimnyang'anya kalamu akaandika mwenyewe: Kidawa, arudi shule. Mtukufu akaulizwa kama atarudi kilimani. Akatafuta maneno yaliyo yake. "Nitarudi," alisema. "Ila mkono huu sijui utafanya nini."

Jumatatu Kidawa aliingia darasani Kitopeni, na mbele yake akasimama Mwalimu Sikudhani, ambaye hakuna aliyempa ruhusa ya kurudi wala aliyethubutu kumzuia. Vitabu vikafunguliwa. Kidawa alikuwa kwenye mstari wa pili wakati ngoma ilipolia kutoka kilimani, kubwa, wazi, isiyosema ni mkono wa nani. Watoto thelathini na tisa wakashika kona za kurasa, wakamtazama Mwalimu.

Mwalimu Sikudhani akavuta kiti, akaketi.

"Endelea, mama," alimwambia Kidawa. "Tunakusikiliza."