Tonge la Bibi Oydin

Likizo ilikuwa ya siku nne tu, lakini Elmurod aliiona kama mtego tangu alipoteremka Margilan, mji wa kwao. Jumatatu asubuhi angepanda mizani Tashkent. Kilo sabini na tatu. Zikizidi hata chembe, nafasi yake katika timu ya mieleka inakwenda kwa mwingine. Nafasi hiyo aliihangaikia miaka sita.

Kila alfajiri alikimbia kando ya mfereji, amevaa koti la baridi katikati ya joto la Julai, na majirani wakimtania.

"Elmurod, nani anakufukuza? Simama unywe chai!"

"Mbwa wetu mnene kuliko wewe, bingwa!"

Nyumbani alikula matango na nyanya. Kila adhuhuri alikwenda sokoni kwa Tolib, muuza vitunguu, akapanda mizani yake ya magunia. Siku ya tatu Tolib aliinama akasoma.

"Sabini na mbili na nusu. Kaka, vitunguu vyangu vina nyama kukushinda!"

Elmurod akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Jumapili mchana ndugu walijaa uani kumuaga. Bibi Oydin macho yake yalishaingia ukungu, na vidole vilitetemeka tangu alipougua kiharusi, lakini siku hiyo hakumruhusu mtu kugusa sufuria. Pilau aliipika mwenyewe, kwa mafuta ya mkia wa kondoo.

Elmurod alipapasapapasa ukingo wa sinia. Bibi hakuona, ila masikio alikuwa nayo.

"Huyu hali. Simsikii akitafuna."

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini, upepo? Sogea hapa."

Akafinyanga tonge, akaliinua. Ua mzima ukageuka kumtazama Elmurod. Tonge la mkono wa mkubwa halikataliwi; anayelikataa amemkana mwenye mkono. Mafuta yalitiririka hadi kwenye kiwiko cha bibi, na mkono ukawa unatangatanga hewani, ukitafuta kinywa usichokiona.

Elmurod akafungua kinywa.

Alidhani yamekwisha. Lakini mjomba Hamdam naye akafinyanga lake.

"Na mimi je? Mkono wangu una ukoma?"

Kisha shangazi. Kisha mume wa shangazi. Wazee wanane, kila mmoja na tonge lake, halafu bibi tena, na tena, wote wakicheka kwa furaha. Yeye alimeza kama anayemeza kokoto.

Safarini hakunywa hata tone. Tashkent alikimbia mpaka jasho likagoma kutoka. Akanyoa nywele. Akapanda mizani uchi.

Gramu mia tatu zaidi.

Karani alilikata jina lake bila kuinua uso. Nyuma ya Elmurod mwanamieleka wa Bukhara alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Alipoketi nje kwenye ngazi, simu ikalia.

"Mjukuu wangu, umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Alhamdulillahi. Basi leo utawabwaga wote!"

"Ndiyo, bibi."

Mkononi alikuwa na chupa ya maji. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, na sasa hapakuwa tena na sababu ya kujizuia. Hakuifungua.